Maalim, mhariri kanirejeshea mswada wangu: nikate wapi?

Assalaam alaykum Maalim, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Usiku, watoto wakishalala, huwa naandika. Nimeandika hadithi ndefu ya kijana anayeitwa Kombo, aliyeanguka mkarafuu katikati ya msimu, na bibi yake Bi Mize, anayeachwa na karafuu zikiwa bado juu ya miti, deni dukani, na wajomba wanaoligombania shamba la eka tatu. Mwaka jana nilijipa moyo nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Kurasa 310.

Imerudi, Maalim. Wino mwekundu kila ukurasa, na karatasi tatu za maoni juu yake. Nikazisoma, nikazikunja, nikazitia chini ya godoro. Asubuhi nikazitoa tena, nikazisoma nimesimama, chai ikapoa.

Mhariri anasema mambo matatu. Kwanza, maneno ni mengi, nipunguze hadithi ifike kurasa 200. Pili, sura ya pili iondoke yote. Hiyo ndiyo niliyoihangaikia kuliko zote: nimeeleza Seyyid Said alivyohimiza upandaji wa mikarafuu, kimbunga cha 1872 kilichoing'oa ya Unguja na kuisaza ya Pemba, mpaka eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi. Tatu, "lahaja isawazishwe". Kila "skuli" kaifanya "shule", na Bi Mize akisema "ntoto" yeye kaandika "mtoto".

Mume wangu anasema hadithi ni nzuri hivyo hivyo, nisiiguse. Mwanangu wa kiume aliipitisha sura ya kwanza kwenye programu ya akili mnemba. Imerudi imetakata, lakini Bi Mize anazungumza kama anasoma taarifa ya habari. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili naye anataka niongeze methali.

Ninachokiogopa ni kuwa nikikata sana, nitakayebaki kwenye karatasi si mimi tena. Na sijui pa kuanzia. Nilishika kalamu nikatia mkato hapa, nukta pale, nikaishia ukurasa wa nne. Nakuletea kurasa nane za mwanzo. Aya ya kwanza kabisa ni hii:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu majira ya asubuhi ambapo jua lilikuwa limeanza kuchomoza huku ndege wakiimba kwa furaha. Kombo alikuwa ni kijana ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na ambaye alikuwa akiishi na bibi yake ambaye alikuwa akiitwa Bi Mize. Kombo aliamka, alioga, alivaa nguo zake za shamba, alichukua pakacha na aliondoka kwenda shamba kwa ajili ya kufanya kazi ya kuchuma karafuu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipofika alipanda kwenye mkarafuu ambao ulikuwa ni mrefu sana na tawi lilikatika na alianguka chini, kitendo ambacho kilipelekea yeye kupata majeraha makubwa sana katika mguu wake wa kulia. Bibi yake alisikitika sana na alijisikia huzuni kubwa mno."

Niambie kweli, Maalim. Jina la kitabu pia silipendi, lakini hilo litasubiri.

Mwenye Mswada, Wete, Pemba

*

Waalaykum salaam, mwanangu, marahaba.

Tuanze na zile karatasi tatu za chini ya godoro. Mhariri asiyekitaka kitabu haandiki karatasi tatu. Huandika mistari miwili ya shukrani, au hajibu kabisa na wewe ukabaki kuangalia simu. Huyu kakaa na kurasa 310 mpaka akajua Bi Mize anasema "ntoto". Kakosea mahali, na nitakuonesha wapi, lakini kazi yako ameisoma, na anataka irudi mezani kwake.

Sasa nikwambie nilichokiona. Nimezisoma kurasa zako nane, nikarudi kuisoma barua yako, na barua imeishinda hadithi. "Nikazisoma, nikazikunja, nikazitia chini ya godoro. Asubuhi nikazitoa tena, nikazisoma nimesimama, chai ikapoa." Hapo umeandika bila ya kujiangalia. Hujaniambia kuwa ulisikitika sana wala kuwa ulijisikia huzuni kubwa mno. Umenipa chai iliyopoa na mimi nimeelewa. Mwandishi wa maneno hayo ndiye yule yule aliyeandika "kitendo ambacho kilipelekea yeye kupata majeraha". Ila huyo wa pili alikuwa amevaa sare ya ofisi.

Walimu tuna maradhi haya. Tunaandika ripoti za muhula, mihtasari ya vikao, barua za kuomba ruhusa, na baada ya miaka mkono unazoea. Tukikaa kuandika hadithi, tunadhani uandishi ni ule wa kwenye jalada. Kwa hiyo khofu yako ya kupotea ukikata, iweke chini. "Ilikuwa ni", "majira ya", "kwa ajili ya kufanya kazi ya" si sauti yako. Umeazima kwa karani. Ukiyaondoa unabaki wewe.

Tuiangalie aya yako neno kwa neno, maana humo mna karibu kila kitu anacholalamikia mhariri.

Sentensi ya kwanza iondoke yote. Jua, ndege, Jumatatu. Katika kurasa nane ulizoniletea, siku hiyo kuwa Jumatatu haina kazi yoyote. Ingekuwa ni siku ya kulipa deni dukani, sawa, ingebaki. Nusu ya miswada ninayoisoma huanza na jua kuchomoza, na ndege wa hadithi zetu wote wana furaha, sijui wamekula nini.

Sentensi ya pili ina "ambaye" tatu na "alikuwa" nne. Kiswahili kinatupa njia fupi: "ambaye alikuwa akiishi" ni "aliyeishi", "ambao ulikuwa ni mrefu" ni "mrefu" basi. Sikwambii uifute amba- kila unapoiona. Ina mahali pake. Kitenzi chenye -me- hakipokei kirejeshi ndani yake, kwa hiyo "watu ambao wamefika" ni sawa. Na sentensi ikiwa ndefu, amba- humsaidia msomaji asipotee. Lakini ikiwa "aliyekuja" inatosha, "ambaye alikuja" ni uzito wa bure. Na ujiulize kama taarifa yenyewe inahitajika hapo. Umri wa Kombo na jina la bibi vinaweza kuja vyenyewe, pale watu wanapoanza kuzungumza.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu kwenye barua hukulifanya kosa hilo. "Aliamka, alioga, alivaa, alichukua, aliondoka." Kila kitenzi kimesimama peke yake na -li- yake, hakuna kinachomsukuma mwenzake. Hadithi yetu, ya mdomo na ya kuandika, hufungua kwa -li- kisha huenda kwa -ka-: "aliamka, akavaa, akachukua pakacha". Ile -ka- humwambia msomaji kuwa hili limefuata lile, na humvuta mbele. Ukirudi kwenye -li- katikati, msomaji anahisi umeanza jambo jipya, na mara nyingine ndivyo unavyotaka. Ila nayo -ka- ina ubaya wake: ukizipanga nane kwa mfululizo hadithi inakwenda mbio bila ya kuona kitu. Basi chagua. Je, tunahitaji kujua kuwa alioga? Anakwenda kupanda mti.

"Kwa ajili ya kufanya kazi ya kuchuma karafuu" ni "kuchuma karafuu". Hapo umekata maneno sita, na hakuna atakayeuliza yamekwenda wapi. Angalia vitenzi vyako vyote vilivyovikwa nomino kwa mtindo huu: "kufanya mazungumzo" ni kuzungumza, "kutoa maelezo" ni kueleza, "kupata majeraha" ni kuumia. Mswada wako wa kurasa 310, nakuapia, utapungua kurasa nyingi kwa hilo tu kabla hujagusa kisa. Na "kupelekea" huko iache kwa watangazaji. Tawi lilikatika, akaanguka, akavunjika mguu. Sababu imo kwenye mpangilio wenyewe.

Halafu kuanguka. Jambo kubwa kuliko yote ya sura hiyo umelifunga katikati ya sentensi ndefu, baina ya "na" mbili. Msomaji anapita bila ya kujua mtu kaanguka. Tukio zito lipe sentensi yake, fupi, na uiweke mahali ambapo jicho litasimama.

Mwisho, huzuni ya Bi Mize. Umeitaja mara mbili na hukuionesha hata mara moja. Ajabu ni kuwa umeionesha vizuri sana ukurasa wa tano: wanaume wanambeba Kombo juu ya kitanda cha kamba kumpeleka barabarani, na Bi Mize anabaki nyuma anaokota karafuu zilizomwagika, kwa sababu nauli ya hospitali itatoka humo. Hilo ni jambo ambalo mtu asiyelijua shamba hawezi kulibuni, nawe umelificha nyuma ya kurasa nne za maelezo. Nimelipandisha juu. Hivi ndivyo ilivyosomeka nilipoipitia kwa kalamu, na karibu kila kitu kilichomo ni chako:

"Kombo aliamka kabla ya bibi yake, akavaa suruali ya shamba, akachukua pakacha. Mkarafuu wa mpakani ulikuwa haujaguswa. Wachumaji wengine waliuogopa kwa urefu wake. Alikuwa keshajaza nusu pakacha.

Tawi lilikatika.

Wanaume walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, mguu wa kulia umefungwa kijiti. Bi Mize hakuwafuata. Alitandika kanga yake chini ya mti, akapiga magoti, akaanza kuokota karafuu zilizomwagika, moja moja."

Usiichukue kama ilivyo. Hiyo ni sikio langu, na mimi ni mtu wa mjini Unguja, nina haraka zangu. Iandike tena kwa lako.

Sasa pa kuanzia, maana hapo ndipo ulipokwama. Ulianza na mkato na nukta. Hiyo ni kazi ya mwisho. Ukitumia wiki nzima kusahihisha tahajia ya sura ya pili, kisha ukaamua sura ya pili iondoke, umeipoteza wiki; na mbaya zaidi, utaionea huruma kwa vile umeitaabikia, na utaiacha. Anza na makubwa. Chukua karatasi moja, kila sura iandikie sentensi moja tu: nani anataka nini, na mwisho wa sura nini kimebadilika. Sura ambayo huwezi kuiandikia sentensi hiyo ina matatizo. Ukishajua sura zipi zinabaki na kwa mpangilio gani, ndipo uingie kwenye aya, kisha sentensi, kisha herufi.

Fanya hivyo na sura ya pili yako, na utaona sentensi inagoma. Nani anataka nini? Hakuna mtu ndani yake. Kuna Seyyid Said, kuna upepo, kuna Serikali. Ni somo zuri la historia, ningependa kulisikia darasani kwako, lakini Kombo yuko njiani kuelekea hospitali na wewe umetusimamisha karne nzima. Hapo mhariri kasema kweli.

Ila kuondoa sura si kuitupa. Unajua mwenyewe karafuu zikishachambuliwa makonyo, vile vijiti vyake, hayatupwi. Yanakwenda kiwandani Wawi yakakamuliwa mafuta. Fungua faili la pili kwenye kompyuta, au daftari jingine, na kila unachokikata kitie humo. Kisha kingoje mahali kitakapohitajika. Eka tatu, kwa mfano, usizieleze kabla. Ziache mpaka ndugu wanapokaa barazani na mmoja anatoa karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne. Hapo msomaji mwenyewe atataka kujua karatasi ile ilitoka wapi na kwa nini kila mtu ameinyamazia, na utamwambia kwa sentensi tatu, na atazishika. Kimbunga cha 1872 kinaweza kukaa kinywani mwa Bi Mize. Bibi yake mwenyewe huenda alikuwa akikisimulia jinsi Unguja ilivyolala chini na Pemba ikabaki imesimama, na Bi Mize anakitaja usiku upepo unapovuma, na karafuu zimeanikwa nje. Mwaka si lazima autaje. Nani ana bibi anayetaja miaka?

Hapo hapo kuna jambo mhariri hakuliona, na mtu wa Pemba ataliona mara moja. Umeandika kuwa Bi Mize ni mama wa baba yake Kombo. Ukurasa wa sita, wanaogombania shamba ni watoto wa kiume wa Bi Mize, na wewe unawaita wajomba, hata kwenye barua. Hao ni ami zake, mwalimu. Wajomba ni upande wa mama. Na kwa kuwa kisa chako ni cha mirathi, tofauti hiyo si ndogo: mtoto wa mtoto wa kiume na mtoto wa binti hawasimami mahali pamoja mbele ya kadhi. Amua Kombo ni wa upande upi, kisha rekebisha kitabu kizima.

Ndiyo maana nakwambia uwe na karatasi ya maamuzi pembeni ya mswada. Andika humo kila ulichokiamua: Bi Mize ana umri gani, nani ni ndugu wa nani, duka liko upande gani wa barabara, unaandika "skuli" au "shule", "gari ya" au "gari la". Mimi huandika hata rangi ya mlango. Ukifika sura ya ishirini hutakumbuka ulichosema sura ya tatu, na programu ya kompyuta haitakukumbusha. Yenyewe inapiga mistari myekundu chini ya Kiswahili kizima, kizuri na kibaya.

Karatasi hiyo itakusaidia pia kwenye ugomvi wako wa tatu, wa lahaja, ambao naona ndio uliokuuma zaidi. Hapa mimi niko upande wako, lakini si kwa yote.

Mwaka 1928 Mombasa walikubaliana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kipemba kikabaki nyumbani. Hakikubaki kwa ubovu wake. Uliamuliwa msingi mmoja, na msingi huo ukawa wa mjini Unguja. Faida yake ni kuwa leo kitabu chako kinaweza kusomwa Mbeya na Kisumu bila ya mfasiri. Kwa hiyo msimulizi wako, yule anayeeleza, mwache aseme sanifu. Msomaji anahitaji mahali pa kukanyaga.

Lakini Bi Mize si msimulizi. Ni bibi wa Wete aliyezaliwa na kuzeekea shambani. Akisema "mtoto" kwa matamshi ya kitabuni, amekufa kwenye karatasi. Mwachie "ntoto" yake. Ila chagua alama chache za Kipemba, tuseme tatu au nne, uzishike kitabu kizima, usijaribu kuandika kila sauti anayoitoa. Ukiandika kila sauti, msomaji wa bara atachoka, na wa Pemba ataanza kubishana nawe kuwa Wete hawasemi hivyo, wanasema hivyo Konde. Na ukishashika alama zako unaweza kuzichezea kwa makusudi. Bi Mize akizungumza na Kombo anasema "ntoto". Akisimama mbele ya karani wa kituo cha kununulia karafuu, ananyooka, anasema "mtoto". Msomaji atasikia mara moja kuwa bibi huyu anamwogopa yule karani, nawe hutalazimika kuandika neno "aliogopa".

Na "skuli"? Skuli ibaki, hata kwa msimulizi. Ndilo neno letu, liko kwenye mabango ya skuli zetu na kwenye barua za Wizara ya Elimu ya Zanzibar, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi yake mwaka 2010, kwa hiyo mhariri ana pa kuangalia akitaka. Msomaji wa Mbeya akikutana na "skuli" hatapotea njia. Maneno ya kazi kama makonyo, pishi na pakacha nayo yabaki, na usiyatilie maelezo chini ya ukurasa. Yaweke mahali yanapojieleza. "Bi Mize alitenga karafuu upande huu, makonyo upande huu." Aliyewahi kuona karafuu hata ya kwenye pilau atakisia, na asiyekisia hakupoteza kisa.

Methali. Mwalimu mwenzako anakutakia mema lakini usimfuate. "Wahenga walisema" katikati ya hadithi ni mwandishi anayemshika msomaji mkono kumwambia afikirie nini. Methali ni ya wahusika. Na wazee wetu wenyewe hawazimalizi. Mmoja husema "mtaka cha mvunguni", mwenzake huitikia "ee", basi. Au nikupe njia nyingine, kwa kuwa uko Pemba na wanawake wako wamevaa kanga: ile kanga anayoitandika Bi Mize chini ya mti iwe na jina hilo hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye yuko magotini, anaokota, na karafuu zinayafunika maandishi kidogo kidogo. Usieleze. Ukieleza umeharibu.

Mambo madogo kwa haraka, yako kila mahali kwenye kurasa zako: "kwa hiyo" na "kwa sababu" ni maneno mawili mawili, "isipokuwa" ni moja, "masaa mawili" ni "saa mbili", "aidha" usiitumie kwa maana ya "ama", na "sana" zako, pita uzihesabu, kisha bakisha zile tu ambazo bila yao sentensi inaanguka.

Mume wako mshukuru kwa chai. Msomaji anayekupenda hawezi kukusaidia, si kosa lake. Tafuta wawili: mmoja aliyewahi kuchuma karafuu, mmoja asiyejua mkarafuu ukoje. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri, maana watasema ni nzuri. Waulize wapi walichoka, wapi walirudi nyuma kusoma tena, na wapi waliiweka chini wakaenda kufanya jambo jingine. Weka alama hapo, usibishane nao. Kabla ya hapo jisomee mwenyewe kwa sauti, mlango umefungwa, au jirekodi kwenye simu ujisikilize ukiwa unapika. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, sentensi hiyo ni ndefu. Ukiona umeiruka sentensi bila ya kukusudia, kuna uwezekano mkubwa haihitajiki.

Kuhusu akili mnemba ya kijana wako, umeshaiona dawa na ugonjwa wake. Itumie mwisho kabisa ikuoneshe neno ulilolirudia mara kumi katika ukurasa, au herufi iliyopotea. Sentensi zake usizipokee. Inampenda kila mtu azungumze sawa, na hadithi yako ina watu wasiozungumza sawa.

Ukimaliza, mwandikie mhariri. Usimwandikie kwa hasira wala kwa kumnyenyekea. Mwambie umeyakubali yepi na umeyafanyaje, na yepi umeyaacha na kwa nini, kwa ufupi: kuwa maneno umepunguza, sura ya pili imeondoka na mambo yake umeyatia sura nyingine, na lahaja imebaki kwenye mazungumzo kwa mpango ulioambatanisha. Kisha mtilie ile karatasi ya maamuzi. Wahariri wengi wakiona mwandishi ana mpango, huacha kusawazisha. Anachokisawazisha ni kile anachodhani ni bahati mbaya. Zile kurasa 200 usizichukulie kuwa ni amri ya kadhi. Ukifika 230 na kila ukurasa una kazi, mpelekee 230.

Jina la kitabu liache kwanza. Hata ukilipata zuri, kuna uwezekano wachapishaji wakalibadilisha, na hapo ndipo utakapogombana nao kwelikweli.

Sura ya tatu niletee ukishaipitia. Ichape kwa herufi kubwa na uache nafasi baina ya mistari, mwalimu. Macho yangu siku hizi yanachagua.